Dawa ya Minyoo na Kipimo Chake

Lugha yetu haikungoja darubini ndipo ijue kuwa matumboni mwa watu mna wageni wasioalikwa. Mnyoo mrefu wa mviringo wazee wetu walimwita chango. Yule bapa kama utepe, atokaye kipande kipande, wakamwita tegu. Na maradhi yamfanyayo mtu awe mweupe ndani ya macho, avimbe uso na miguu, ahemewe akipanda kilima na atamani kula udongo, wakayaita safura. Mkojo wa damu ukaitwa kichocho. Kwa wanyama walimjua kupe, na katika sakafu za udongo wakamjua papasi. Mwenye kuyatazama majina haya ataona kuwa waliotutangulia walikuwa watu wa kuchungua, wala hawakuwa wakibahatisha. Na penye jina la ugonjwa aghalabu palikuwa na jina la mti.

Siku hizi watu wakizungumza juu ya miti hiyo hugawanyika mafungu mawili. Fungu moja husema kuwa kitu kilichoota chenyewe katika ardhi ya Mwenyezi Mungu hakiwezi kumdhuru mja, na kwamba vidonge ndivyo sumu. Fungu la pili husema kuwa mizizi na magamba ni mambo ya ujinga, hayana maana mbele ya elimu ya sasa. Sisi twaona mafungu yote mawili yamepotea mahali pamoja, nako ni kuwa yote huuliza, “Ni mti gani?” wala hayaulizi, “Ni kiasi gani, umetengenezwa vipi, na anapewa nani?” Na katika dawa za minyoo masuala haya matatu ya mwisho yana uzito, pengine kuliko lile la kwanza.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Dawa ya kikohozi hutuliza kifua. Dawa ya homa huteremsha joto. Ama dawa ya minyoo, kazi yake ni kuua, au kwa uchache kulevya. Mnyoo ni kiumbe hai, ana misuli na neva, hula na kuzaa. Chango jike mmoja aweza kutaga mayai 200,000 kwa siku moja, na tegu atokanaye na nyama ya ng'ombe aweza kufika mita kadhaa, naye amejishika utumboni kwa kichwa kidogo kuliko punje ya mtama. Kitu kiwezacho kumlegeza kiumbe kama huyo ni sumu, hata kikiwa kimetoka katika mti mzuri wa kivuli uani. Basi ustadi wote ni kukitafuta kile kiasi ambacho mnyoo hakistahimili na mwenye tumbo anakistahimili. Baina ya viwili hivyo pengine pana nafasi kubwa. Pengine nafasi yenyewe ni ya upana wa unywele.

Matabibu wa Kiislamu walilijua jambo hili zamani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Qanun aliwagawa minyoo wa matumbo kwa maumbo yao, warefu, wa mviringo, wapana na wadogo. Na vile vipande vya tegu vitokavyo na choo matabibu wa Kiarabu waliviita mbegu za maboga, kwa jinsi vinavyofanana nazo. Ibn al-Qayyim, aliyefariki Damascus mwaka 1350, aliieleza Hadithi ya yule mtu ambaye nduguye aliumwa na tumbo, Mtume (S.A.W.) akamwambia amnyweshe asali, naye akawa kila mara anarudi kusema kuwa haikufaa, na kila mara anaambiwa amnyweshe tena, mpaka nduguye akapona. Ibn al-Qayyim asema kuwa kukariri huko kuna maana ya kitabibu: dawa lazima iwe na kiasi kinacholingana na ugonjwa, ikipungua haiuondoi wote, na ikizidi huzidhoofisha nguvu za mgonjwa. Katika Hadithi hiyo wengi wetu hukumbuka asali. Wachache hukumbuka kukariri.

Tuanze na mti ambao katika miji yetu ya pwani hauhitaji kutambulishwa. Komamanga limetajwa katika Qur'ani mara tatu, na tunda lake twalila na kulisifu. Lakini dawa ya tegu haimo katika tunda. Imo katika gamba la mizizi na la shina. Wamisri wa kale waliitaja katika mafunjo yao ya tiba yapata miaka 1500 kabla ya Nabii Isa, na Wahindi na Waarabu wakaitumia karne nyingi. Mwaka 1878 mkemia Mfaransa, Charles Tanret, alitoa katika gamba hilo kitu alichokiita peletierini, kwa heshima ya Pelletier, mmoja wa wale wawili walioitoa kwinini katika gamba la mti wake mwaka 1820. Hapo ikafahamika kwa nini wazee walikuwa na taratibu yao: mgonjwa asile tangu jioni, asubuhi anywe maji yaliyochemshiwa gamba, kisha baada ya saa chache anywe dawa ya kuharisha. Kitu kile aghalabu hakimwui tegu. Humlevya tu, akaachia pale alipojishika, na asipotolewa upesi huzindukana akajishika upya. Tena kichwa kikibaki, hata kama imetoka pima nzima ya utepe, baada ya miezi miwili au mitatu huwa amekwisha kukua tena. Kwa hiyo yule mzee aliyekuwa akikipekua choo cha mgonjwa kwa kijiti, watoto wakamcheka, alikuwa akifanya kazi ya maabara.

Gamba hilo hilo likizidi, mgonjwa hushikwa na kizunguzungu, macho yakaona ukungu na miguu ikalegea. Wala gamba la leo si sawa na la mwaka jana: lililokatwa sasa lina nguvu, na lililokaa siku nyingi katika kopo nguvu zake hupungua. Mtu aliyezoea la zamani, akapata bichi akatumia kiasi kile kile, amezidisha bila ya kujua.

Habari hii ya macho yajulikana pia kwa dawa nyingine mbili, nazo twapenda kuzieleza kwa urefu kidogo.

Katika nyika za Turkistani hukua kichaka cha jamii ya ule mmea ambao Waarabu huuita shihi. Vitumba vya maua yake, kabla havijafunguka, vilichumwa na kusafirishwa na wafanyabiashara hadi nchi za Sham na kutoka huko Ulaya, hata Wazungu wakaviita mbegu za minyoo, ingawa si mbegu. Mwaka 1830 ilitolewa humo dawa nyeupe iitwayo santonini, na katika miaka ya 1880 kiwanda chake kikajengwa mjini Chimkent, chini ya utawala wa mfalme wa Urusi. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia watoto wa nchi nyingi walipewa santonini, mara nyingi ndani ya peremende, kwa ajili ya chango. Nayo ilifanya kazi. Lakini mtoto aliyezidishiwa kidogo aliona kila kitu kimegeuka manjano, ukuta, maziwa, uso wa mama yake. Na aliyezidishiwa zaidi alishikwa na degedege, na wengine walikufa. Hili twalitaja kwa makusudi, kwa sababu hapo hapakuwa na mganga wa kichakani. Palikuwa na mizani ya duka la dawa, na unga uliosafishwa, na tabibu aliyesoma. Na bado nafasi ilikuwa nyembamba. Santonini iliachwa polepole baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zilipopatikana dawa zilizo salama zaidi.

Dawa ya pili ni ya majirani zetu wa Uhabeshi, nchi ya Najashi aliyewapokea Masahaba. Huko watu wengi hupenda nyama ya ng'ombe mbichi, na kwa hiyo tegu amekuwa mgeni wa kila nyumba. Mti wa koso, ambao waota pia katika milima yetu mirefu kama Kilimanjaro na Mlima Kenya, hutoa mashada makubwa ya maua mekundu. Maua ya mti jike hukaushwa, yakasagwa, yakarowekwa katika maji, na mtu akayanywa asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni. Mskoti James Bruce, aliyefika nchi hiyo mwaka 1769, aliueleza mti huu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1790. Watu walikunywa koso mara kwa mara, kama wengine wanywavyo haluli. Na mwaka 1969 ilichapishwa katika jarida la madaktari wa huko habari ya wagonjwa walioharibikiwa na macho kwa ajili ya koso. Hatusemi kuwa koso si dawa. Imewatoa tegu wasiohesabika. Lakini mwenye kuipika nyama yake mpaka ikaiva ndani na nje hahitaji koso, wala hahitaji kidonge.

Sasa tuende kwa wafugaji, kwani wao wameyajaribu mambo haya kwa watu na kwa wanyama pamoja, na mfugaji hana sababu ya kujidanganya: kondoo hapokei maneno matamu, akiwa hakupona hufa. Mti unaosifiwa kuliko mingine katika nyanda kavu za Afrika Mashariki ni ule ambao Wamasai huuita olmukutan, Wasamburu wakauita lmukutan, na Wahabeshi musena. Gamba lake hupondwa likarowekwa au likachemshwa, na mchuzi wake mtu akaunywa pamoja na supu au maziwa, na mnyama akanyweshwa kwa chupa. Sifa zake zimeenea kutoka Uhabeshi mpaka Tanzania, katika makabila yasiyosikilizana lugha, na ushahidi wa namna hiyo si wa kupuuzwa.

Watafiti wameupima mti huu, na msomaji atazame walivyohitilafiana. Mwaka 2003 ilichapishwa habari ya majaribio yaliyofanywa Kenya juu ya kondoo walioambukizwa kwa makusudi yule mnyoo mwembamba afyonzaye damu katika tumbo la kondoo na mbuzi. Gamba la olmukutan halikuonyesha faida yenye maana. Mwaka 2004 ikachapishwa habari nyingine ya Kenya, ya kondoo wa Samburu waliopata minyoo wenyewe malishoni. Mti ule ule ukaonekana umepunguza mayai ya minyoo katika vinyesi kwa kiasi kikubwa. Na mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi Uganda, wakifuata maarifa ya wafugaji wa Karamoja, walijaribu vipimo mbalimbali na wakaona kuwa umefaa. Mtu wa haraka atasema kuwa mmoja wao ni mwongo. Sisi hatuoni hivyo. Minyoo hawakuwa wa aina moja, miti haikukatwa mahali pamoja, wala dawa haikutengenezwa kwa njia moja. Na haya ndiyo mambo ambayo mfugaji mzee huyauliza kabla hajatia shoka gambani.

Kwa kupe nako habari ni kama hiyo. Utupa, ambao wavuvi hupondaponda majani yake wakayatia majini samaki waelee, hutumiwa na wafugaji wengine kuwaoshea ng'ombe. Ni dawa kweli, kwani ina sumu iuayo wadudu na samaki kwa kuwakata pumzi. Kwa hiyo ng'ombe akioshwa kwa utupa mtoni, kupe watapungua na samaki wa jirani aliye chini ya mto watakufa, na ugomvi utaanza.

Wala mtu asidhani kuwa kununua dawa ya dukani kumemwondolea mzigo wa kupima. Katika Kenya na nchi nyingine nyingi imethibitika kuwa minyoo wa kondoo na mbuzi wamezizoea baadhi ya dawa za kiwandani, hata haziwaui tena. Na sababu mojawapo kubwa ni kunywesha pungufu. Mwenye mifugo hukadiria uzito kwa jicho, hukadiria chini ili chupa imfae kundi zima, na minyoo wenye nguvu wakabaki na kuzaana. Tena mbuzi huitoa dawa mwilini upesi kuliko kondoo, kwa hiyo mara nyingi kipimo cha kondoo hakimtoshi mbuzi wa uzito ule ule. Yale aliyoyasema Ibn al-Qayyim juu ya dawa ipunguayo yaonekana leo zizini.

Turudi nyumbani, penye mpapai. Mpapai si mti wa asili yetu. Umetoka Amerika, ukaja huku baada ya Wareno kuanza safari zao, lakini mbegu zake zimekwisha kuwa dawa ya chango katika nyumba nyingi. Mwaka 2007 ilichapishwa habari ya jaribio lililofanywa Nijeria kwa watoto 60 waliokuwa na minyoo. Watoto 30 walipewa mara moja mbegu za papai zilizokaushwa, zikasagwa na kuchanganywa na asali, na 30 wakapewa asali tupu. Baada ya siku saba, katika kundi la kwanza watoto 23 walikuwa hawana minyoo tena katika choo. Katika kundi la asali tupu walikuwa 5. Hii ni habari njema, na twafurahi kuieleza. Lakini watoto 60 ni wachache, na walipewa dawa iliyopimwa kwa mililita na kutazamwa na madaktari. Mama anayesikia kuwa “mbegu za papai zimethibitishwa” akamjazia mwanawe kiganja kila asubuhi kwa mwezi mzima, hafanyi waliyoyafanya wale.

Ama mwarobaini, ambao jina lake peke yake ni tangazo la biashara, kwani wasemwa kuwa waponya maradhi arobaini, nao ulikuja kwetu kutoka Bara Hindi. Majani yake machungu watu huyachemsha, na ngozi ya mbwa na mbuzi huoshwa kwayo. Mafuta ya mbegu zake ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la tiba la Uingereza habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo na wazazi wao kwa nia njema. Walitapika, wakalegea, wakashikwa na degedege, na ubongo ukadhurika. Mti ni mmoja. Jani lake na mafuta ya mbegu yake si dawa moja.

Na kutengeneza nako kwaweza kuiua dawa yenyewe. Kijidudu cha malaria nacho ni kimelea, yaani chakaa ndani yetu na kula jasho letu. Katika Uchina, Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliandika kuwa mwenye homa za kupokezana achukue konzi moja ya mmea uitwao qinghao, auroweke katika maji, akamue, anywe maji yake. Miaka zaidi ya 1600 baadaye, bibi Tu Youyou na wenzake walikuwa wakiuchemsha mmea huo kama dawa nyingine zichemshwavyo, wasipate matokeo ya kutegemewa. Bibi huyo alipoyarudia maneno ya Ge Hong aligundua kuwa mzee hakutaja moto. Akaitoa dawa kwa njia isiyo ya joto kali, na mwaka 1971 akapata dondoo liliowaponya panya wote. Dawa zilizotokana na kazi hiyo ndizo zitumikazo leo kwa malaria katika hospitali zetu, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini zingatieni jambo lililofuata: mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kuwa haliungi mkono kunywa chai ya mmea huo kwa ajili ya malaria, kwa sababu kiasi cha dawa kilichomo hubadilika, mara nyingi hakitoshi, na pungufu hiyo yaweza kuwafundisha vijidudu kuistahimili dawa. Mmea uleule ukiwa umepimwa huokoa, na ukiwa haukupimwa ni hatari.

Sasa tulitazame hilo neno konzi. Konzi ya nani? Bibi aliyekuwa akimpa mjukuu wake dawa alijua kuwa ni konzi ya mkono wake mwenyewe, mdogo na uliokunjamana, na kuwa gamba ni la mti ule ulio nyuma ya kisima, lililokatwa kiangazi. Hayo hakuyasema kwa kuwa hakuhitaji kuyasema. Alikuwa akiyafanya mbele ya macho ya binti yake. Binti akaolewa mji mwingine, akabaki na jina la mti. Mjukuu leo ananunua unga sokoni, katika kijaluba kisicho na tarehe wala jina la sehemu ya mti, na muuzaji ana konzi ya mwanamume wa miaka thelathini. Hapo ndipo tunapopoteza, na hasara hii haionekani, kwa sababu jina la mti bado lipo vinywani na watu hudhani kuwa dawa nayo ipo.

Ndugu zetu wauzao dawa hizi twawakumbusha yaliyopokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.), nayo yamo katika kitabu cha Abu Daud na vinginevyo, kuwa mwenye kujitia utabibu hali hakujulikana kwa utabibu, yeye ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Wanavyuoni wamelijengea jambo hili hukumu za fidia. Mtu asiseme, “Mimi niliuza tu.”

Tena mpaka baina ya dawa ya mnyama na ya mtu usivukwe kwa kukisia. Ni kweli kuwa wanyama na watu wameazimana dawa: ile iitwayo ivamektini ilitokana na kijidudu cha udongo wa Japani, ikaanza kuuzwa kwa mifugo mwaka 1981, na mwaka 1987 ikakubaliwa kwa watu wenye usubi wa kupofusha, Unguja na Pemba iligawiwa tangu mwaka 2001, pamoja na albendazoli, kwa kupambana na matende. Lakini kati ya ng'ombe na mtu ilipita miaka ya majaribio. Mwaka 2021 watu katika Marekani walikunywa ivamektini ya farasi kwa kutibu korona, serikali yao ikalazimika kuwaonya, na wengine wakafikishwa hospitali. Nako huko ni nchi ya maabara na vyuo vikuu.

Akina mama watauliza, basi tufanye nini? Kwa chango na safura, watoto wa shule katika nchi zetu hupewa albendazoli au mebendazoli, dawa zilizopimwa kwa mamilioni ya watu, na hatuoni sababu ya kumnyima mtoto kidonge hicho kwa ajili ya gamba ambalo kipimo chake kimesahauliwa. Kidonge hakimzuii mnyoo kurudi; viluwiluwi vya safura huingia kwa ngozi ya mguu uliokanyaga udongo wenye kinyesi, kwa hiyo choo na viatu vina kazi yao. Na dalili ya safura kila mama aweza kuitazama: ushushe ukope wa chini wa mtoto, utazame ndani yake ni wekundu au umefifia. Wafugaji wa kondoo hutazama vivyo hivyo, na wataalamu wa Afrika ya Kusini wamewatengenezea hata kadi ya rangi ya kulinganisha.

Aliye na mzee nyumbani anayejua miti, naye akae naye na daftari. Asiandike jina la mti tu. Aandike jina hilo kwa lugha ya mzee mwenyewe, sehemu ya mti, msimu wa kukata, bichi au kavu, maji kiasi gani, moto au pasipo moto, konzi ngapi, kisha konzi hiyo aimwage katika mizani aandike na gramu. Aulize ni nani asiyepewa. Suala hili la mwisho wengi hulisahau, na mzee mwenye ujuzi huwa na jibu lake: wengi wao hawampi mja mzito, kwani dawa nyingi za kutoa minyoo huweza kutoa na mimba, na mtoto mchanga hawampi kabisa. Mzee asiyekuwa na jibu la suala hilo, heshima yake ni ile ile, lakini dawa yake isinywewe.

Na ikiwa mtoto amekwisha kunyweshwa, naye akatapika pasipo kukoma, akalegea, akaona vibaya au akashikwa na degedege, apelekwe hospitali saa ile ile, wala mtu asione haya kumwambia daktari kuwa alipewa mizizi. Chukueni na kipande cha gamba lenyewe au unga uliobaki, na kile kikombe alichonyweshewa.